Shotigani ya Kwanza: Namna ya Kuichagua kwa Sahani na Ndege wa Nyanda za Juu Kusini

Bunduki ambayo mkazi wa Mbeya au Iringa ameiona mara nyingi zaidi ni ile ya mlinzi mlangoni mwa benki: pampu nyeusi (inayopakiwa kwa kuvuta kishikio cha mbele), mtutu mfupi, kitako cha plastiki. Basi mtu akiamua kununua shotigani yake ya kwanza ili alenge sahani (visahani vya kulengea vinavyorushwa hewani) na kuwinda kwale, picha inayomjia ni hiyo hiyo. Kwa lindo ni zana sahihi. Kwa kwale anayechomoka kwenye mabua ya mahindi kule Mbozi ni zana mbovu: inatawanya marisau, yaani punje zilizo ndani ya risasi, mapema mno, inakwama mkononi katikati ya kumfuata ndege, na kitako chake hakikuundwa kwa mtu anayelenga kitu kinachoruka.

Ushauri wetu tuutoe mapema ili asiye na muda aondoke nao: geji 12 (kipimo cha tundu la mtutu), ya kukunja kwenye bawaba, mitutu miwili, chemba (mahali inapokaa risasi) ya milimita 70, mitutu yenye urefu wa sentimita 66 hadi 71, uzito wa karibu kilo 3, na inayokaa begani mwako bila wewe kuitafuta. Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo watu wanaloliruka.

Karatasi kwanza

Kuna milango miwili hapa, na ufunguo wa mmoja haufungui mwingine. Silaha iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mnyama na ndege wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Leseni ya bunduki haikuruhusu kuwinda hata njiwa mmoja, na kibali cha kuwinda hakikuruhusu kushika bunduki.

Maombi ya bunduki huanzia kwenye serikali ya kijiji au mtaa wako na polisi wa wilaya, kisha hupanda ngazi. Yanachukua muda. Usitoe pesa yoyote dukani au kwa mtu anayeuza yake, hata arubuni, kabla maombi hayajakubaliwa. Ulizia pia idadi ya risasi utakazoruhusiwa kununua, kwa kuwa mazoezi ya sahani hula risasi nyingi kuliko uwindaji.

Upande wa wanyama, nenda ofisi ya TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, uulize mambo matatu: eneo gani, aina gani za ndege na wanyama, na miezi gani. Kitulo, Ruaha na Udzungwa ni Hifadhi za Taifa, humo hakuna uwindaji kabisa. Msitu wa kupandwa kama Sao Hill kule Mufindi, au shamba la chai, lina mwenyewe. Pori kutokuwa na uzio si ruhusa ya kuingia na bunduki. Kuwinda kwa tochi, kutoka kwenye gari au kwa sumu ni marufuku. Nyama ukiipata kihalali kula na wanao, usiipeleke sokoni.

Na gobole la marehemu babu je? Halihesabiki. Mtutu wake mara nyingi ni bomba ambalo halikuwahi kupimwa kwa shinikizo lolote, na kulishika bila leseni ni kosa. Umoja wa Afrika umeufanya Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu; tumia nafasi hiyo.

Ya kukunja, pampu au ya kujipakia yenyewe

Bunduki ya kukunja huinama kwenye bawaba, mitutu ikafunguka nyuma, ukaweka risasi kwa mkono. Sababu ya kuipendekeza kwa anayeanza ni usalama kabla ya kitu kingine chochote. Ikiwa imekunjuka, yaani imefunguliwa, kila mtu aliye kwenye msafara anaona kwa macho kwamba haiwezi kulia. Unavuka mfereji wa umwagiliaji Usangu au unaruka kingo za matuta Makete ukiwa umeining'iniza mkononi, wazi, tupu, na hakuna anayejiuliza. Pampu iliyo tupu na pampu yenye risasi zinafanana mpaka uivute.

Faida ya pili ni kwamba haichagui risasi. Nyepesi, nzito, ya zamani kidogo: ikiingia na kufungika, inalia. Ya kujipakia yenyewe hutumia gesi au teke la risasi kusukuma mitambo yake, hivyo ukiipa risasi dhaifu ya gramu 24 inaweza kugoma. Ina raha moja ya kweli, kwamba haipigi bega sana, lakini ina vipande vingi vya kufungua na kusafisha, na vumbi la Isimani mwezi wa Septemba halina huruma na vipande hivyo.

Ndani ya familia ya kukunja kuna tatu. Mtutu mmoja, kama IZh-18 ya Baikal kutoka Urusi, ndiyo rahisi kuliko zote na hudumu miaka mingi. Shida yake ni wepesi. Bunduki nyepesi inapiga bega kwa nguvu, na mtu anayeogopa teke la bunduki huanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Tabia hiyo ikishaota mizizi kuing'oa ni kazi. Mitutu miwili iliyolala sambamba ni nyembamba kwa kimo, myepesi kubeba siku nzima, lakini macho ya mgeni huona bati pana mbele yake na hukosa mstari. Mitutu iliyopandana, mmoja juu ya mwingine, kama IZh-27 au zile za Italia na Uturuki, humpa jicho mstari mmoja tu wa kufuata. Kwa sahani hiyo ndiyo tunayoiweka mbele. Kama iliyopo kwa bei yako ni ya sambamba na inakukaa vizuri, ichukue bila majuto.

Tahadhari kwa zile zenye nyundo za nje, zinazovutwa kwa kidole gumba: asubuhi ya Juni au Julai Njombe vidole vinakufa ganzi, na nyundo ikikuponyoka unapoirudisha taratibu, bunduki inaweza kulia. Tafuta isiyo na nyundo ya nje, au jifunze kuirudisha ikiwa imekunjuka tu.

Geji na chemba

Namba ya geji hupanda kadiri tundu linavyopungua, na hilo huwachanganya wengi. Asili yake ni hii: chukua ratili moja ya madini ya risasi, karibu gramu 454, igawe katika mipira 12 iliyo sawa, kipenyo cha mpira mmoja ndicho kipenyo cha tundu la geji 12, yaani milimita 18.5. Ukiigawa mara 20 unapata milimita 15.6. Ile ndogo ya .410 haifuati hesabu hiyo. Hilo ni tundu lenyewe kwa inchi, takriban milimita 10.4.

Chukua geji 12 kwa sababu ya risasi zake. Geji 20 ni nzuri sana, hasa kwa mwanamke au kijana mwenye mwili mdogo, ila ingia dukani Mbeya uulize kwanza risasi za geji 20 za ndege ziko ngapi na zinakuja mara ngapi, ndipo uulize bei ya bunduki. Bunduki isiyo na chakula ni fimbo. Ile .410 watu humnunulia anayeanza kwa kumhurumia, na huruma hiyo inamponza: inabeba gramu 11 hadi 19 tu za marisau, kwa hiyo inahitaji mlengaji hodari zaidi, siyo mdhaifu zaidi.

Kuna kosa moja linaloua mitutu na kuchukua vidole. Risasi ya geji 20 ikiingizwa kwenye bunduki ya geji 12 haidondoki chini wala haikai kwenye chemba. Huteleza mbele na kukwama ndani ya mtutu. Mtu anatazama, haoni kitu, anadhani hakuweka risasi, anaweka ya geji 12 nyuma yake na kufyatua. Mtutu unapasuka pale mkono wa kushoto ulipo. Ndiyo sababu maganda ya geji 20 hutengenezwa ya rangi ya njano. Nyumba yenye bunduki za geji mbili isichanganye risasi kwenye mfuko mmoja wa koti, kamwe.

Chemba ni sehemu inapokaa risasi. Urefu wake umechongwa ubavuni mwa mtutu au chini yake: 12-65, 12-70 au 12-76, au kwa inchi 2½, 2¾ na 3. Bunduki kuukuu za Uingereza nyingi ni za 65. Risasi iliyoandikwa 70 itaingia humo vizuri kabisa, na hapo ndipo mtego ulipo, maana urefu unaoandikwa ni wa ganda likiwa limeshafunguka mdomo. Likifunguka halina nafasi, linabana njia ya marisau, na shinikizo linapanda. Bunduki ya 70 hula 65 na 70. Ya 76 hula zote tatu. Kinyume chake usijaribu.

Urefu na uzito

Mtutu wa sentimita 71 unatosha kila kazi iliyotajwa hapa. Wa 76 ni mtamu kwenye sahani ila husumbua vichakani. Wa 50 ni wa mlinzi. Mtutu mrefu hauongezi umbali kwa kiasi cha kuonekana. Kazi yake ni kulainisha mzunguko wa mikono yako unapomfuata ndege.

Kuhusu uzito, wahunzi wa bunduki wa Uingereza waliacha kanuni inayofanya kazi hadi leo: zidisha uzito wa marisau kwa 96. Risasi ya gramu 28 inataka bunduki ya angalau kilo 2.7, ya gramu 32 inataka kilo 3.1. Chini ya hapo bega litalalamika. Zaidi ya kilo 3.5 utaichukia ukishapanda kilima cha pili.

Ikukae mwilini

Shotigani hailengwi kama raifo. Jicho lako ndilo kipimo cha nyuma, na jicho linakaa pale shavu lilipowekwa na kitako. Kitako kikiwa kirefu, kifupi, juu au chini, kila risasi itakwenda kando kwa kiasi kile kile, na utajilaumu bure.

Anza na macho yenyewe. Nyoosha mikono yote miwili, unda tundu dogo kati ya viganja, tazama kitu cha mbali kupitia humo: kilele cha Loleza ukiwa Mbeya, jiwe la Gangilonga ukiwa Iringa. Fumba jicho la kushoto. Kitu kikibaki kwenye tundu, jicho lenye nguvu ni la kulia. Kikitoweka, ni la kushoto. Mtu wa mkono wa kulia mwenye nguvu jicho la kushoto ana njia mbili: ajifunze kupigia bega la kushoto tangu siku ya kwanza, jambo ambalo kwa anayeanza si gumu kama anavyohofu, au abandike kipande kidogo cha utepe usioonyesha kwenye kioo cha kushoto cha miwani yake. Asipojua hili atanunua bunduki tatu akitafuta iliyo nyoofu.

Sasa bunduki. Hakikisha ni tupu, mbele ya muuzaji, kisha omba ruhusa ya kuipachika begani. Vaa sweta au koti utakalovaa porini. Kipimo kilichochukuliwa Mbarali ukiwa na shati jepesi kitakukwama kwapani Makete ukiwa na koti zito. Nguo nene hula sentimita nzima. Chagua alama ukutani iliyo usawa wa macho, mita tatu au nne mbele. Itazame, fumba macho, inua bunduki mpaka shavuni na begani kwa mwendo mmoja, fumbua.

Unachotaka kuona ni shanga ya mbele (kitone kilicho mdomoni mwa mtutu) imekaa juu ya reli (ukanda mwembamba wa juu ya mtutu), na reli yenyewe ionekane kidogo sana au isionekane. Ukiona reli ndefu kama barabara inayopanda, mgongo wa kitako uko juu na bunduki itapiga juu. Ukiona sehemu ya nyuma ya bunduki tu na shanga imezama, uko chini, na utapiga chini. Shanga ikikaa kushoto au kulia, kitako kimepinda vibaya kwa uso wako. Rudia mara kumi. Mara ya kwanza mwili hudanganya kwa kujirekebisha.

Urefu wa kitako hupimwa kutoka kwenye kifyatulio hadi katikati ya sehemu inayogusa bega. Bunduki nyingi za dukani zina sentimita 36 hadi 37, ambazo humfaa mtu wa kimo cha wastani hadi mrefu kidogo. Ukiwa umeipachika, kati ya pua yako na kidole gumba kilichoshika shingo ya kitako pabaki vidole viwili au vitatu. Pakiwa na kimoja, gumba litakupiga puani. Kile kipimo cha kulaza kitako juu ya mkono kuanzia kwenye kiwiko, ambacho kila muuzaji anakijua, kinapima mkono tu. Hakijui shingo yako wala kifua chako.

Kitako kifupi ni rahisi kutibu: pedi ya mpira ya sentimita mbili huongeza urefu na kupunguza teke kwa pamoja. Kilicho chini hupandishwa kwa sifongo ngumu iliyofungwa juu ya mgongo wake. Kirefu hukatwa, nusu sentimita kwa awamu, na fundi wa silaha mwenye leseni. Seremala wa mtaani anaijua mbao kuliko mtu yeyote, lakini kumwachia bunduki yako ni kuiacha mikononi mwa asiye na leseni.

Choki na mtawanyiko

Choki ni kubanwa kidogo kwa mdomo wa mtutu ili marisau yasitawanyike haraka. Tofauti ni ndogo ajabu: mtutu usiobanwa kabisa, robo milimita, nusu milimita, na ile ya mwisho iliyobanwa takriban milimita moja nzima. Kwa kipimo cha kawaida cha duara la sentimita 76 kwa umbali wa mita 36 na nusu, mtutu usiobanwa huweka karibu asilimia 40 ya marisau ndani, robo milimita asilimia 50, nusu 60, na iliyobanwa kabisa 70.

Anayeanza akisikia 70 anaitaka hiyo. Asiitake. Kwale wengi huruka mita 15 hadi 25 kutoka miguuni mwako, na kwa umbali huo choki iliyobana ina mtawanyiko wa upana wa sinia: ama unamkosa, ama unampata na hakuna cha kula. Mitutu miwili, mmoja wa robo na mwingine wa nusu milimita, ndiyo jozi tunayoipendekeza. Fyatua wa robo kwanza, ndege akiwa karibu.

Kwenye bunduki nyingi za Italia choki huonyeshwa kwa nyota: moja ni iliyobanwa kabisa, tano ni isiyobanwa. Choki za kufungua kwa kuzungusha hubadilishwa kama kifuniko cha chupa. Zikaze, zipake grisi kidogo kwenye nyuzi, zikague kila baada ya risasi 25, na usifyatue kamwe bila choki ndani, kwa sababu marisau yatakula nyuzi na mtutu umekwisha.

Maandishi yote haya yathibitishe kwa karatasi. Tundika boksi lililofunguliwa au karatasi ya kaki, mita moja kwa mita moja, simama mita 30, lenga katikati, piga moja. Chora duara la sentimita 76 kuzunguka palipo na matundu mengi. Angalia mambo mawili. Kwanza, duara liko wapi kuhusu alama uliyolenga. Likiwa pembeni mara tatu mfululizo, rudi kwenye kitako. Pili, kuna mapengo ambayo kwale mzima angepita? Yakiwepo, badilisha risasi kabla hujabadilisha choki. Bunduki mbili za namba zinazofuatana kiwandani zinaweza kupenda risasi tofauti.

Risasi

Namba za marisau hazilingani nchi kwa nchi. Namba 6 ya Uingereza ni milimita 2.6, ya Marekani ni 2.8. Kwenye boksi tafuta milimita, achana na namba.

Sahani: gramu 24 au 28, punje za milimita 2.0 hadi 2.4. Njiwa na tombo, vivyo hivyo. Kwale na kerengende: gramu 28 hadi 32, punje 2.4 hadi 2.7. Sungura: gramu 32, punje 2.7 hadi 3.0. Kanga ni ndege mgumu mwenye manyoya yanayokinga. Mpe gramu 32 hadi 36 za punje 2.8 hadi 3.3, na bata wa majaruba ya Mbarali vilevile. Gramu 28 za punje za milimita 2.4 zina punje karibu 350. Za milimita 3.3 zina karibu 135. Punje kubwa hufika na nguvu, ila ni chache, na mapengo yanaongezeka. Ndiyo maana zile risasi za walinzi zilizoandikwa SG, zenye punje tisa hivi, hazifai kabisa kwa ndege. Na zinakwenda mbali kuliko unavyofikiri.

Kabla ya kununua fungua boksi. Ganda la karatasi lililovimba kwa unyevu, au shaba yenye kutu ya kijani kuzunguka fataki (kiwashio cha nyuma ya ganda), rudisha.

Iliyotumika

Nyingi utakazopewa zitakuwa za mkono wa pili. Linganisha kwanza namba iliyochongwa kwenye mwili wa bunduki, kwenye mitutu na kwenye leseni ya muuzaji. Zisipolingana, ondoka. Umiliki hubadilishwa polisi, haubadilishwi kwa hati ya makubaliano ya mkono.

Kisha vua kishikio cha mbele, funga bunduki, shika kitako kwa mkono mmoja na mtutu kwa mwingine, itikise. Ikicheza au ikigonga, bawaba imekwisha na matengenezo yake ni ghali. Toa mitutu, ielekeze kwenye dirisha, tazama ndani ukiizungusha taratibu. Duru za mwanga zinatakiwa ziwe mviringo kamili. Kivuli cha pete nyeusi mahali fulani ni uvimbe: palikuwa na kizuizi, bunduki ikafyatuliwa, chuma kikatanuka. Hakuna fundi anayetibu uvimbe. Vidoadoa vya kutu karibu na mdomo vinavumilika. Mashimo ya kutu karibu na chemba hayavumiliki.

Ning'iniza mitutu kwa kidole kwenye ndoano yake ya chini, iguse kwa kijiti. Ikilia kama kengele ni nzima. Ikilia kama debe lililopasuka, reli au kiungo kimeachia. Angalia kitako pale kinapoungana na chuma. Ufa mwembamba hapo hukua kila ukifyatua. Tafuta chapa ya nyumba ya upimaji wa shinikizo: Birmingham, London, Liège, Saint-Étienne, Eibar na Gardone Val Trompia ndizo maarufu. Mitutu yenye michoro kama mawimbi au ngozi ya nyoka ilisokotwa kwa vipande vya chuma vilivyofuliwa. Ni mizuri kutundika ukutani, usiiwekee risasi za kisasa.

Mwisho jaribu mitambo kwa risasi za bandia. Kifyatulio kiachie kwenye kilo 1.5 hadi 2.5, kikiachia kwa kupuliziwa, ni hatari. Weka sefti (kizuizi cha usalama), vuta, isilie. Ondoa sefti bila kugusa kifyatulio, gonga kitako chini kwa kiganja, isilie pia.

Risasi mia za mwanzo

Zigawe. Kumi kwenye karatasi, zilizobaki kwenye sahani. Sahani ya kawaida ina kipenyo cha milimita 110 na uzito wa gramu 105 hivi. Mkono wa plastiki wa kurushia unatosha bila mashine. Anza na zinazokwenda mbele moja kwa moja, ukiwa mita mbili kutoka kwa mrushaji na yeye akiwa nyuma yako kidogo, kisha songea pembeni. Chupa za bia msizitupe hewani. Vioo hubaki shambani na ng'ombe hupita hapo hapo kesho. Eneo la kulengea liwe limeruhusiwa na polisi, na masikio yazibwe kila mara.

Umbali wa hatari ni jambo watu wa bonde husahau. Shotigani inaua ndege hadi mita 35 au 40, lakini punje ya milimita 2.4 husafiri karibu mita 200, na ya 3.3 karibu 260. Hewa ya Njombe na Makete ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo ongeza. Mita 300 mbele yako pawe pamekufa: hakuna njia ya watoto wa shule, hakuna mtu anayepalilia. SG iachieni zaidi ya mara mbili ya hapo.

Risasi ikigoma, shikilia mtutu mbele kwa sekunde 30 kabla ya kukunjua. Ikilia "pufu" badala ya mlio wake, simamisha kila kitu: kikombe cha plastiki cha ndani ya risasi huenda kimebaki mtutuni. Kunjua, tazama mwanga upande wa pili, ndipo uendelee.

Porini, usifyatue kitu usichokitaja jina. Ukingo wa misitu ya Rungwe na Udzungwa una minde, paa wa msituni aliye hatarini kutoweka, na akipita kichakani kwa sekunde moja anaweza kudhaniwa ni paa wa kawaida. Ndege anayekimbia chini mbele ya mbwa au mbele ya mwenzako muache aruke kwanza. Uone anga nyuma yake.

Kuitunza kwenye ukungu

Kutu ndiyo adui wa huku, hasa kuanzia Novemba mvua zinapoanza hadi ziishe. Siku ile ile uliyopiga, pitisha brashi ya shaba mara kumi kila mtutu, kisha vitambaa vya pamba mpaka kitoke cheupe, kisha kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani. Tone tu, mafuta mengi huteremka kwenye mbao za kitako na kuzilainisha. Bawaba inataka grisi kidogo. Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi au ya turubai, maana hushika unyevu. Sanduku la chuma lililokomelewa ukutani, risasi kwenye sanduku jingine lenye kufuli lake, na funguo zisizojulikana na watoto.

Ikikaa wiki kadhaa bila kutoka, tazama ndani ya mtutu kabla ya kuweka chochote. Nyigu wa udongo hupenda tundu la kiasi hicho, na kiota chake kikikauka ni kizuizi kigumu kama kipande cha tofali.